Kopo la Pili la Gesi

Kambi ya mkonge, Misima, Handeni
3 Machi 2024

Dada Husna,

Shikamoo. Msalimie shemeji Awadhi, na Amne mwambie mjomba wake anamuuliza kama bado anaogopa kuku.

Mimi naamka na kwenda kazini, kwa hiyo niseme ni mzima. Mvua huku bado. Mkonge umekauka hata panga linadunda. Wiki iliyopita mwiba ulikatikia kwenye kiganja cha kushoto, mkono ukavimba, lakini umeshatoka. Wa kulia unashika kalamu kama unavyoona, kwa mwandiko wa darasa la tano.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepiga mpaka wenzangu kambini wananicheka, wanasema, "Jabiri, huyo mwanamke ameshaolewa, mwache." Nawaambia ni dada yangu, tumbo moja. Basi nimerudi kwenye karatasi kama alivyopenda mama. Alikuwa akisema mtu wa simu ana haraka ya kukata, mtu wa barua amekaa kitako. Hata sasa nikiandika namwona yuko kwenye kigoda anasikiliza, na wewe unamsomea huku unayarekebisha niliyokosea.

Barua hii nampa Hafsa, yule mama wa machungwa anayekwenda Korogwe kila Jumatatu. Ataiacha kwa dereva wa gari la Mashewa.

Sikufika mazikoni. Nyapara alinikatalia ruhusa, tulikuwa na lori la kupakia. Na nyinyi mlizika saa nne asubuhi, ningefika saa ngapi?

Ninachotaka kujua ni arobaini. Mmepanga lini? Na nikija nifikie nyumbani, au nitafute pa kulala kwa watu? Nijibu hilo tu.

Lile neno ulilonitamkia kwenye simu siku ile, kwamba gari nililolijaza gesi mimi ndilo limemuua mama, sikulijibu kwa sababu ulikata. Kiyoyozi cha gari kinaweza kufa kwa mambo mengi, dada. Kuna mkanda, kuna fyuzi, kuna feni. Hata kama angejaza fundi mwenye mashine, kingeweza kufa pale pale. Sibishani. Nasema tu.

Mdogo wako,
Jabiri Kibwana


Misima
21 Aprili 2024

Dada Husna,

Shikamoo. Natumaini mvua hizi hazijafika kwenye ukuta wa jiko. Huku zimenyesha mpaka kambi imekuwa tope tupu. Idi nimekula hapa hapa. Mpishi wetu Paulo ni Mkristo, lakini mwezi mzima aliamka kutupikia daku, na siku ya Idi akatuchinjia jogoo wake mwenyewe. Nilipokula nikakumbuka kwamba mwaka jana mama alinitengea firigisi.

Arobaini imepita. Hafsa ameniambia watu walijaa mpaka barabarani. Mimi siku hiyo nilikata mkonge tangu asubuhi, na nilipomaliza fungu langu nikaingia kwenye fungu la mwenzangu. Akanishangaa, nikamwambia nafanya mazoezi.

Nataka nikuandikie ile siku ya Januari, kwa sababu wewe ulikuwa shambani na umeisikia kwa watu. Unajua barabara ya Mashewa ilivyo wakati wa jua. Vumbi lile na pumu ya mama havikai pamoja, na kila mwezi lazima aende kliniki Korogwe. Kiyoyozi kikifanya kazi mnafunga vioo, anakwenda na kurudi salama. Kisipofanya kazi ni taabu tupu: mnafunga mnapikika, mnafungua mnakula vumbi. Kwa hiyo nilipokuja likizo nikakuta Noah ya Awadhi inapuliza hewa ya moto, nilijua ni jambo la mama, siyo anasa.

Awadhi alisema, "Jumatatu nalipeleka kwa fundi Eliasi, njia ya Korogwe. Yeye ana mashine. Anatoa gesi yote ya zamani, anatafuta panapovuja, ndipo anajaza mpya kwa mizani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nimeshika tochi gereji ya Korogwe miaka miwili. Hiyo kazi unafanya hapa hapa uani. Kopo la gesi, mpira, unafunga kwenye bomba la upande wa baridi, unawasha gari, umemaliza. Kwa fundi utashinda kutwa kwenye benchi."

Akasema, "Ulishika tochi, Jabiri. Hukushika spana."

Tukacheka wote, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Geji ya kupimia gesi sikuwa nayo. Nikamwomba mama akae kiti cha mbele, aweke mkono kwenye tundu la hewa, awe geji yangu. Akavua kandambili kabla ya kupanda, kama anaingia msikitini. Nikafungua kopo. Nikawa namuuliza, "Vipi?" Ananijibu, "Bado." "Vipi?" "Bado." Halafu akanyamaza, nikajua imefika. Kopo moja likatosha. Jioni uliporudi ukaweka mkono wako mwenyewe ukasema kuna baridi. Na wiki tatu zilipita, mlikwenda nalo na kurudi, hamkulalamika.

Ndivyo ilivyokuwa. Niandikie japo mstari mmoja.

Mdogo wako,
Jabiri


Mashewa, Korogwe
9 Juni 2024

Jabiri,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Ya kwanza dereva aliisahau garini, na ya pili ilikwama mvua ilipokata barabara karibu mwezi mzima.

Sisi wazima. Amne ameanza shule mwaka huu. Mahindi ya bondeni yalisombwa, ya juu yamesimama. Kaburi la mama lilititia kwa mvua, Awadhi akaongeza udongo na kulipanga mawe. Gari limekaa uani tangu siku ile, kuku wanataga chini yake.

Unasema kopo moja. Nilipotoa vitu vya mama chini ya kitanda nilikuta makopo mawili ya gesi. Ameyafunga kwenye kanga yake ya bluu pamoja na barua zako. Nimeyatikisa yote. Ni matupu.

Husna


Misima
30 Juni 2024

Dada Husna,

Shikamoo. Ile ya kwanza hukuitikia, na ya pili hukuitikia. Naileta tena, usichoke nami.

Mimi mzima. Baridi imeingia, asubuhi miiba haiumi kwa sababu vidole havisikii. Hafsa aliponipa barua yako niliisoma nimesimama katikati ya mkonge, halafu nikakaa chini.

Ni kweli, makopo ni mawili.

Kopo la kwanza lilipoisha, mama alikuwa ameshafumba macho. Nikamuuliza, "Mama, kuna baridi?" Akasema, "Ipo, lakini hii ni ya Korogwe alfajiri. Bado haijafika Bungu." Unajua alivyopatamani kwao. Alishuka kutoka Bungu akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, na tangu kifua kimshike hakuweza tena kuipanda ile milima. Awadhi alikuwa ameingia ndani kuswali. Kopo la pili nililinunua la akiba. Nilimwona mama amekaa pale miguu mitupu, mkono kwenye tundu, anatabasamu kama msichana. Nikalifunga kwenye mpira nikalifungua.

Akawa anasema, "Ongeza, mwanangu, naiona migomba ya kwa baba. Ongeza, nimefika mlangoni." Nikaongeza mpaka kopo likawa jepesi.

Ndipo kompresa ya kiyoyozi ikagonga, ikakata. Hewa ikawa vuguvugu. Ikakaa kidogo, ikashika, baridi ikarudi. Ikakata tena, ikarudi tena. Dada, nilijua. Mlio ule niliwahi kuusikia gerejini, na nilimsikia fundi akimwambia mwenye gari, "Umejaza kupita kiasi. Iko siku ya jua kali itakata isirudi." Nilikuwa nimemshikia tochi aliposema hivyo.

Awadhi akatoka, akauliza, "Vipi, fundi?" Nikazima gari haraka. Nikasema, "Tayari." Nilimwonea aibu, kwa sababu ya lile neno la spana. Ningesema, "Shemeji, gesi imezidi, lipeleke gari kwa Eliasi," yote yangeishia hapo kwa kuchekwa jioni moja. Kesho yake alfajiri nikaondoka kurudi kazini, na njiani nikajisemea labda litajirekebisha lenyewe.

Kuna na jingine. Nyapara hakunikatalia ruhusa. Aliponiona naweka simu chini alinipa ruhusa kabla sijafungua mdomo, na akanipa kanzu yake nivae. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa stendi ya Korogwe, nimekaa ndani ya gari la Mashewa. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wawili wanakuja mazikoni kwetu. Mmoja anasema, "Bibi Fatu kaponzwa na mwanawe, yule wa mkonge, kachezea gari." Mwenzake anasema, "Atakuja na uso gani?" Nikashuka. Nilikaa stendi mpaka saa nne ilipopita, nikajua mmeshafukia. Nikapanda gari la Handeni.

Sijatia udongo kwenye kaburi la mama yangu. Hilo ndilo nililokuficha.

Mdogo wako,
Jabiri


Mashewa
15 Septemba 2024

Jabiri,

Tunaendelea. Amne amepata surua ikapita. Nimevuna mahindi magunia manne, na mbuzi wa mama amezaa pacha.

Hilo la stendi nilikuwa nalijua. Hafsa alikuona umekaa na kanzu ya mtu, inayokupwaya. Aliniambia alipokuja kunipa pole siku ya tatu ya msiba. Sikusema kwa mtu yeyote.

Mwezi uliopita Awadhi alilipeleka gari kwa Eliasi. Nilikwenda naye, vioo wazi njia nzima. Eliasi alifunga mashine yake, akaitoa gesi yote, akaiweka kwenye mizani. Ilikuwa karibu mara mbili ya inayotakiwa. Akasema kwa asubuhi ya baridi inaweza kuvumilia, kwa jua la saa nane haiwezi. Ulivyoandika ndivyo alivyosema.

Kisha akauliza, "Kilikatia wapi?" Awadhi akamjibu, kabla ya Magoma, tukirudi kutoka kliniki. Eliasi akaweka spana chini. Akasema, "Mbona hamkugeuza? Mlikuwa karibu na mimi. Ningepunguza iliyozidi kwa nusu saa, mama angeendelea na safari."

Awadhi akaniangalia. Akamwambia, "Hatukujua, fundi."

Awadhi alijua, Jabiri. Kilipokata alipunguza mwendo akasema, "Mama Amne, tugeuze turudi kwa Eliasi." Mimi ndiye niliyesema twende. Nilikuwa nimechoka. Miaka miwili ya kliniki, kila mwezi, foleni tangu alfajiri, mama nimemwegemeza begani, na wewe uko kwenye mkonge unatuma barua nzuri ninazomsomea mimi. Siku ile viatu vilikuwa vinanibana. Nilitaka kufika nyumbani nivue viatu. Sababu yangu ni hiyo, hakuna nyingine kubwa zaidi.

Mbele yetu kulikuwa na lori la matofali. Ndani kukawa na joto la kukatisha pumzi, mama akaanza kuhema. Kioo cha upande wake nilikifungua mimi kwa mkono wangu, nikiwa kiti cha nyuma yake. Vumbi la lori likaingia lote. Nikafunga, akahema kwa joto. Nikafungua, likaingia tena. Dawa yake ya kuvuta nilimpa mara nne. Awadhi akapiga honi mpaka lori likatupisha, lakini tulipofika daraja la Mashewa nilimwita hakuitika.

Jioni ile ulipopokea simu, nilikurushia lile neno kabla hujaniuliza njiani ilikuwaje. Nilitaka liwe limeshasemwa. Halafu watu wakalichukua, nami nikawaacha walibebe mpaka stendi.

Kama simu yako sikuipokea, si kwa hasira.

Husna


Misima
13 Oktoba 2024

Dada Husna,

Shikamoo.

Leo sina habari za kambi. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili.

Nitakuambia ukweli kwa sababu nimechoka kuficha. Siku mbili za kwanza nilikuchukia. Nilisema miezi saba nimebeba gunia ambalo nusu yake ni lako. Nilimkuta Paulo jikoni anachochea kuni, nikamsimulia yote, yangu na yako. Akauliza, "Sasa unataka ulitue kwa nani?" Kisha akanipa sahani ya maharage.

Siku ya tatu nilikata mkonge na viatu vyangu vya kazi vilivyopasuka, vinanibana dole gumba. Ilipofika saa nane sikuwa nafikiria kitu kingine chochote isipokuwa kuvivua. Hata kama mtu angeniita kwa jambo kubwa ningemwambia subiri. Ndipo nikakuelewa, dada. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa mwana wa barua na wewe ulikuwa mwana wa foleni. Nilikuja likizo siku nne nikataka kuwa shujaa kwa makopo mawili.

Nisingelijaza vile, kiyoyozi kisingekata. Hilo ni langu, usinipunguzie.

Februari itatimia mwaka. Mtasoma hitima? Naomba nije. Sitakaa mbele. Nikitia mkono mmoja wa udongo kwenye lile kaburi, hata kama limeshapangwa mawe, nitarudi kazini siku hiyo hiyo.

Na nakuuliza jambo moja, nawe unijibu hata kama ni baya. Mle ndani ya gari, mama alisema nini? Alinilaumu?

Mdogo wako,
Jabiri


Mashewa
19 Januari 2025

Mdogo wangu Jabiri,

Sisi wazima. Jua limerudi, barabara imeanza tena kutoa vumbi. Amne anasoma mwenyewe sasa, kwa kuvuta maneno. Jana alinisomea barua yako ile ya Idi, akakwama kwenye "firigisi," tukacheka, halafu nikatoka nje.

Umeuliza mama alisema nini. Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana kwa sababu ya hilo.

Hakukulaumu. Kilipokata alikuwa ameweka mkono kwenye tundu la hewa, kama alivyofanya kila safari tangu siku uliyojaza. Hewa ikawa ya moto. Nikamwambia, "Mama, toa mkono, kimekufa hicho." Akasema, "Subiri. Kitarudi, Jabiri amekijaza." Nilipofungua kioo hakuutoa. Alipokuwa anahema hakuutoa. Baada ya ile dawa ya mara ya nne hakusema tena, lakini mkono ulikuwa pale pale. Tulipofika nyumbani Awadhi ndiye aliyeuondoa.

Sikutaka ujue hilo. Nilitaka kwanza ubebe lawama yangu, na baadaye nilipoona umeibeba vya kutosha, niliogopa kwamba hili ndilo litakuvunja. Sasa tumelibeba wawili.

Hitima ni Jumamosi, tarehe nane Februari. Njoo Alhamisi. Awadhi atakusubiri stendi na gari. Gesi ni ya Eliasi, imepimwa kwa mizani. Utakaa kiti cha mbele, mtafunga vioo. Mimi sijakaa kiti hicho tangu siku ile, na wala sikuambii itakuwa rahisi. Lakini huji kwa watu, wala hutalala kwa watu. Kitanda cha mama nimekitandika. Yale makopo yako chini yake, kwenye ile kanga ya bluu. Nilitaka kuyatupa, nikashindwa. Utaamua wewe.

Mawe upande wa kichwani nimeyaondoa mwenyewe jana, kiasi cha kiganja. Udongo uko wazi, unakusubiri. Wanawake wale wawili wa stendi, nimewajua kwa Hafsa, watakuwepo pia, na siku hiyo mimi ndiye nitakayewasimulia ilivyokuwa njiani, yote, pamoja na viatu.

Barua zako nne nimezipanga kitandani nikazisoma tena. Kila moja inaanza na shikamoo, na zote nne nilizipita kama sikuziona. Leo nimerudi nyuma nikaziitikia kwa sauti, moja moja, Amne akadhani nimepata mgeni.

Marahaba, Jabiri. Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Dada yako,
Husna